Sauti za Bomba la Moshi na Maana Yake

Msimu wa karafuu ukifika, gari la shamba hupata kazi kuliko siku nyingine zote. Alfajiri hupeleka wachumaji, jioni hurudi na magunia, na karafuu zikikauka hupakia tena kwenda kituoni. Njia za mashamba zina mizizi, mawe na mashimo, na kitu kinachogongwa kwanza chini ya gari ni bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi. Bomba hili halikatiki ghafula bila ya kutoa habari. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya ekzosi mbovu ni sauti. Mwanachama anayezijua sauti hizo ataweza kumweleza fundi maradhi yalipo, na ataweza pia kuwasalimisha watu aliowapakia.

Kazi ya bomba

Moshi hutoka katika kila silinda kwa nguvu na kwa mshindo. Kwanza huingia katika manifoldi, yaani chuma chenye matawi kilichofungwa ubavuni mwa injini. Hapo hufuata bomba mpaka kwenye sailensa, ambayo ndani yake mna vyumba na mabati yenye matundu ya kuupunguza mshindo ule. Magari mengi ya petroli ya siku hizi yana pia chombo kinachoitwa masega, kwa sababu ndani kinafanana na masega ya nyuki. Kazi yake ni kuipunguza sumu iliyomo katika moshi. Basi sauti isiyo ya kawaida maana yake ni moja katika haya matatu: moshi unapita pasipo njia yake, au kuna kitu kimelegea, au injini yenyewe haichomi mafuta vizuri.

Sauti moja moja

1. Ta-ta-ta nyepesi karibu na injini, hasa asubuhi injini ikiwa baridi, kisha hupungua gari likipata moto. Hii mara nyingi ni gasketi ya manifoldi iliyoungua, au bolti iliyolegea, au ufa. Hupungua kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka na kuubana ule upenyo. Asidanganyike mtu akadhani imepona.

2. Mngurumo mzito unaozidi ukikanyaga mafuta. Bomba au sailensa imetoboka. Ukiusikia chini ya miguu yako, tundu liko mbele. Ukiusikia nyuma, tazama sailensa.

3. Mlio wa bati linalotikisika. Huenda ni bati la kukinga joto lililolegea, na hilo ni jambo dogo. Lakini gari likiwa limezimwa na bomba limepoa, igonge sailensa kwa ngumi: ukisikia vipande vinacheza ndani, mabati yake yamekatika. Masega yakivunjika nayo hulia hivyo hivyo.

4. Kishindo cha kugonga sakafu kila upitapo shimoni. Mipira ya kuning'inizia bomba imekatika. Usifunge kwa kamba ya usumba, kwani itaungua. Tumia waya mpaka umfikie fundi.

5. Mripuko nyuma ya gari. Ukitokea unapoachia mafuta katika mteremko, huenda hewa inaingia kwa tundu na kuyawasha mafuta yasiyoungua. Ukitokea wakati wote, tazama plagi, nyaya zake, na mchanganyiko wa mafuta na hewa. Pu-pu isiyo na mpango ni silinda moja inayokosa moto. Tena mafuta mabichi yakifika kwenye masega huungua humo na kuyayeyusha. Taa ya injini ikimwekamweka, simamisha gari.

6. Mlio wa filimbi, na gari halina nguvu ya kupanda mlima. Huenda bomba limebonyea au masega yameziba, na moshi hauna pa kutokea.

Namna ya kupima

Gari liwe nje, mahali pa wazi, na injini iwe baridi. Liwashe. Mwenzako akunje kitambaa kinene kilicholowa maji, akizuie mdomo wa bomba kwa nukta chache tu, wala asitumie mkono mtupu. Bomba likiwa zima, moshi utakisukuma kitambaa kwa nguvu. Likiwa limetoboka, utasikia mfyonzo mahali palipo na tundu. Masizi meusi penye maungio nayo ni alama ya upenyo.

Hatari yake

Moshi wa gari una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haionekani wala hainuki, na hushikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko hewa safi tunayoivuta. Mwaka 1992 madaktari wa Seattle, Marekani, waliandika habari za watoto 20 waliolewa moshi wakiwa wamepakiwa nyuma ya magari ya pikapu, wengi chini ya kifuniko na wengine chini ya turubai. Mmoja alikufa. Nasi hupakia wachumaji na watoto wao nyuma, na mvua ikinyesha tunawafunika turubai. Wakilalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida, simama, washushe wapate hewa, na uwapeleke hospitali. Asidhani mtu kuwa ni uchovu wa kazi.

Hatari ya pili ni moto. Masega hufika joto la digrii 400 na zaidi. Usiliegeshe gari lililotoka safari juu ya majani makavu, makuti, wala karibu na makonyo yaliyoanikwa.

Matunzo

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kiasi cha lita moja ya maji kwa njia ya mvuke. Katika safari fupi bomba halipati joto la kutosha, na maji hayo hubaki ndani ya sailensa yakaiozesha. Kwa nje hewa ya chumvi nayo huila. Kwa hiyo maji machache yakidondoka asubuhi si ubovu. Ila kabla ya msimu kuanza, kila mwenye gari alipeleke kwa fundi likainuliwe, bomba litazamwe kutoka manifoldi hadi mwisho, na tundu lolote lichomelewe au bomba libadilishwe. Gari lenye mngurumo lisipakie watu nyuma mpaka litengenezwe.