Loliondo kabla ya kikombe: padre aliyeketi kuulizwa na wazee wa Kimasai

Watanzania wengi walilizoea jina la Loliondo mwaka 2011, pale Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alipokuwa akigawa dawa ya kikombe kijijini Samunge kwa Sh500. Magari yalipanga foleni ya kilometa na kilometa, vigogo wa serikali walipigwa picha wakinywa, na wagonjwa walivuka mpaka kutoka Kenya kumfuata "Babu". Homa ile ilipoa, na Babu mwenyewe alifariki dunia mwaka 2021. Karibu nusu karne kabla ya kikombe, nyika hizohizo za mpakani ziliwahi kuona jambo jingine la kiimani, lisilo na foleni wala kamera. Leo linajadiliwa na watu wanaoanzisha makanisa mapya huko Uingereza na Marekani, na huenda wengi wao hawawezi kuionyesha Loliondo kwenye ramani.

Mhusika mkuu alikuwa Vincent Donovan, padre Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, mzaliwa wa Pittsburgh. Mei 1966 alimwandikia askofu wake wa Arusha barua ambayo mtumishi mwingine angeogopa kuituma. Misheni ya Loliondo, alisema, ilikuwa na shule nne na hospitali yenye sifa. Wamasai walizitumia huduma hizo, wakazishukuru, wakarudi bomani. Hapakuwa na Mmasai mtu mzima hata mmoja wa eneo lile aliyekuwa akiishi Ukristo. Watoto waliobatizwa shuleni nao walikuwa wakiuacha mara tu wanapomaliza masomo. Padre hakuomba fedha wala jengo jipya. Aliomba ruhusa ya kwenda kwa watu kuzungumza nao juu ya Mungu, basi.

Mtu anaweza kushangaa kwamba mmisionari anahitaji ruhusa ya kufanya kazi ya umisionari. Lakini mkondo wa historia ulikuwa umeelekea kwingine. Shirika lake lilifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, likaanza kwa kuwakomboa watumwa, wengi wao watoto, na kuwalea katika kijiji cha Kikristo. Ulipokuja utawala wa Mwingereza, shule ikachukua nafasi ya kijiji. Mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Arthur Hinsley, alikutana na maaskofu Dar es Salaam akawapa mwongozo usio na kona: pale ambapo nguvu hazitoshi kwa mambo yote mawili, afadhali kanisa lisubiri ili shule ikamilike. Maaskofu walitii. Shule zilijengwa, na zilizaa matunda yake. Uchagani na Bukoba watu walisoma na wakabatizwa. Umasaini mambo yalikwenda vingine.

Donovan alipopata ruhusa alianza ziara za asubuhi, kabla ng'ombe hawajatolewa kwenda malishoni. Alichagua maboma kadhaa, kila moja akalipangia siku yake katika wiki, na kila moja alilipa takriban mwaka mzima. Ukifika boma la Kimasai saa hizo unakuta ua wa miiba bado umefungwa, moshi unatoka juu ya nyumba za udongo na samadi, na wazee wamejifunga mashuka dhidi ya baridi ya nyanda za juu. Mgeni haingii moja kwa moja kwenye hoja. Habari za mifugo, za majani na za mvua zina nafasi yake kwanza.

Katika boma la mzee Ndangoya, padre alieleza kwamba watu wa misheni wamejulikana kwa shule, dawa na ng'ombe, ila safari hii hayo hayamo. Alitaka wazungumze habari za Mungu katika maisha ya Wamasai. Mzee alimjibu kwa heshima kwamba hakuna awezaye kukataa mazungumzo ya namna hiyo. Kisha akaongeza swali: kama hilo ndilo lililowaleta, mbona mmekawia muda wote huu bila kutuambia?

Swali hilo lingetosha kuwa sura nzima katika kitabu cha historia ya Kanisa Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi wamisionari walijiaminisha kwamba Wamasai ni wagumu, kwamba hawako tayari, kwamba lazima kwanza walainishwe kwa madawati na sindano. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Utaratibu wa mikutano ulikuwa mwepesi. Padre alianza kwa kuuliza wao wanasemaje juu ya jambo fulani, akasikiliza, halafu akaeleza Wakristo wanasemaje. Alichokuta bomani hakikuwa chungu kitupu kinachongoja kujazwa. Wamasai walikuwa wanamjua Engai, mtoa mvua na ng'ombe, na walimwomba kila siku. Donovan aliwasimulia habari za Abrahamu, mfugaji aliyeondoka kwao kumfuata Mungu asiyefungwa na ukoo wala ardhi moja, akawasihi nao wamwache Engai awe Mungu wa mataifa yote. Hapo mzee mmoja akamgeuzia kibao. Je, kabila lako wewe limempata huyo Mungu?

Donovan ameandika kwamba jibu la haraka lilimjia, kisha likamkwama kooni. Alikumbuka vita vya Ulaya, ambako kila jeshi lilimdai Mungu kuwa wa upande wake. Akakiri kwamba hapana, watu wa kwao nao bado wanamtafuta, na akawaalika wamtafute pamoja. Kitabu chake cha mwaka 1978, *Christianity Rediscovered*, kina mambo mengi ya kubishaniwa, lakini ukurasa huo ndio unaokipa uzito. Pale aliyekuja kufundisha alijikuta amekaa kwenye kigoda kimoja na wanaofundishwa.

Mzee mwingine alimpa somo ambalo hakulipata seminari. Kuamini kwa namna mnayosema nyinyi, alimweleza, ni kama mwindaji wa Kizungu anayemlenga mnyama kwa bunduki kutoka mbali, akitumia jicho na kidole tu. Simba humfuata mnyama kwa pua, macho, masikio na miguu, akamrukia kwa mwili wake wote na kumkumbatia. Padre alidhani amemaliza. Mzee akaendelea: sisi hatukukutafuta, wewe ulitufuata hadi vichakani na kutuambia tumtafute Mungu, kumbe wakati wote yeye ndiye aliyekuwa akitutafuta, na simba ni Mungu mwenyewe.

Mawazo ya Donovan hayakuota hewani. Alikuwa amemsoma Roland Allen, kasisi wa Kianglikana aliyefanya kazi China hadi mwaka 1903 na kutoa mwaka 1912 kitabu kilichowaudhi wakubwa wake. Allen alihesabu kwamba katika miaka kumi hivi mtume Paulo alianzisha makanisa katika majimbo manne ya Dola ya Rumi, akawakabidhi wazee wa palepale, akaondoka. Kwa nini basi misheni za kisasa zikae miaka hamsini na bado zishike funguo? Wasomaji wa Kiswahili wana sababu yao ya kumkumbuka mzee huyu. Aliishi uzeeni Kenya, akajifunza Kiswahili akiwa na umri mkubwa, akatafsiri tenzi kwa Kiingereza, ukiwemo Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani wa Hemed Abdallah el Buhry. Alifariki Nairobi mwaka 1947. Kasisi aliyeutetea uhuru wa makanisa machanga alitumia miaka yake ya mwisho juu ya mashairi ya Kiislamu ya pwani, na inaonekana hakuona kinyume chochote katika hilo.

Wala Waafrika hawakungoja vitabu hivyo. Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka kwenda Mboga, upande wa Kongo, mwaka 1896 akiwa mwalimu wa dini. Alifungwa, akatolewa, akarudi palepale. Mtawala wa Mboga, Tabaro, aliyekuwa mpinzani wake, mwishowe alibatizwa. Baadaye Kivebulaya aliingia msitu wa Ituri kukaa na Wambuti. Alipofariki mwaka 1933 alikuwa ameacha kundi ambalo Waanglikana wa Kongo hadi leo wanalitaja kuwa chimbuko lao. Hakuwa na hospitali ya kumtangulia.

Turudi kwa Ndangoya. Mwaka wa mafundisho ulipokwisha, Donovan alifanya kile ambacho katekista yeyote angefanya: alianza kuchambua. Huyu amekosa vipindi vingi kwa sababu ya kuchunga, yule haelewi vizuri, huyu mwingine imani yake ina mashaka, basi wasubiri. Mzee alimkatiza. Ndani ya boma, alisema kwa maneno yake, wavivu wamesaidiwa na wenye bidii, wazito wa kuelewa wamebebwa na wepesi, wenye imani haba wameshikwa mkono na wenye imani nyingi. Aliyajua hayo kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa nao siku zote ambazo padre hakuwepo. Boma lote lilikuwa limeamini, na yeye alilisemea. Padre alitafakari, akawabatiza wote.

Hapa mhubiri wa mjini atakuna kichwa. Katika mikutano ya injili ya siku hizi, yenye jukwaa, spika na jenereta, hesabu hufanywa kwa kichwa kimoja kimoja. Waliokata shauri huitwa mbele, huongozwa sala ya toba, majina na namba za simu huandikwa, na Jumapili inayofuata baadhi yao hawaonekani. Ndangoya hakuwa na habari ya kukata shauri peke yake. Kwa upande mwingine, ni haki kuuliza kama kijana au mke aliyekuwa na wasiwasi bomani mwake angethubutu kusema hapana baada ya mzee kusema ndiyo.

Misa nayo ilipata sura ya mahali. Majani yana heshima kwa Wamasai, maana ndiyo uhai wa ng'ombe, na kumpa mtu majani ni ishara ya amani. Padre alipofika, konzi ya majani ilipitishwa mkono kwa mkono, nyumba kwa nyumba. Kama kulikuwa na ugomvi na mtu akakataa kuyapokea, siku hiyo Misa haikuwepo. Parokia ngapi zingethubutu? Jambo jingine lilikuwa gumu zaidi. Kwa desturi, wanaume wa Kimasai hawakuwa wakila mbele ya wanawake, na sasa walitakiwa kula mkate mmoja pamoja nao.

Si kila boma lilikubali. Jamii moja ilikaa na padre mwaka mzima, ikamsikiliza vizuri, kisha mzee wake akamwambia kwamba wameuelewa ujumbe na hawautaki. Donovan alikuwa amezoea kufikiri kwamba anayekataa hajafundishwa vya kutosha. Safari hii hakuweza kujificha humo. Alifunga mafundisho akaenda zake, akashikilia tangu hapo kwamba habari njema isiyoweza kukataliwa haikuwa imetolewa kwa uhuru. Kwa wanaohesabu mafanikio kwa takwimu za mwisho wa mwaka, huo ni mwaka uliopotea. Wazee wale, hata hivyo, walikuwa wamepewa heshima ambayo vizazi kadhaa vya wanafunzi wa misheni hawakuipata, maana mtoto wa shule hakuulizwa.

Lakini kuna kitu ambacho Donovan hakukiona sawasawa. Mlango wa boma alioubisha ulikuwa wa wazee wanaume. Miongo baadaye mwanaanthropolojia Mmarekani Dorothy Hodgson, aliyefanya utafiti miaka mingi Umasaini, alichapisha mwaka 2005 kitabu ambacho jina lake lenyewe linaliita kanisa la huko kanisa la wanawake. Mapadre wa shirika la Donovan waliwalenga wanaume, na waliojaa kanisani wakawa akina mama. Baadhi walifuata ubatizo wakitafuta kuponywa pepo la orpeko, maradhi yaliyowasumbua wanawake, huku waume wakigoma au wakiwazuia. Hodgson anaeleza pia kwamba wanawake ndio waliokuwa wakimwomba Engai kila siku tangu zamani, alfajiri, wakinyunyiza maziwa wanapokamua. Kwa hiyo, wakati padre akiketi na wazee asubuhi kuulizana Mungu ni nani, hatua chache kutoka hapo kulikuwa na watu ambao tayari walikuwa katika sala. Mtafutaji hakuwa pale alipotafutwa.

Donovan aliondoka Tanzania mwaka 1973. Miaka mitatu baadaye maaskofu wa Kikatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizipa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kipaumbele, na leo mitaa mingi yenye Wakatoliki ina jumuiya inayokutana nyumbani kwa mtu. Hilo lilikuwa karibu na alichokitamani. Ombi lake jingine halikusonga: kwamba viongozi wa maboma, hata wasiojua kusoma, wapewe upadre ili kundi lisitegemee gari kutoka misheni. Sheria ya Kanisa inadai useja na miaka ya seminari, na mzee wa Kimasai mwenye wake na mifugo hana moja wala jingine. Kwa hiyo vigango vingi vya mbali huendeshwa na katekista, na Misa huja padre anapofika. Na hata kama Roma ingekubali, wazee wale wangepewa kuongoza makanisa ambayo waliojaa kwenye mabenchi yake ni mama zao, wake zao na binti zao.