Je, Wajua? Bustani za Ukutani za Waturuki

Katika karne ya 16, wafinyanzi wa Iznik, mji mdogo wa kando ya ziwa nchini Uturuki, walizijaza maua kuta za misikiti na majumba ya masultani. Tazama maajabu yao!

Kigae kisicho cha udongo
Takriban asilimia 80 ya kigae cha Iznik ni unga wa kwatzi, jiwe gumu jeupe. Udongo ni kidogo tu, wa kushikishia. Mafundi waliutafuta weupe wa vyombo vya Kichina, vilevile ambavyo Waswahili walivipachika kwenye makaburi ya nguzo kule Kunduchi.

Ua lililochomwa kwa sindano
Maua mengi yalizaliwa kwenye karatasi. Wachoraji wa kasri la Istanbul, akiwamo bingwa wao Kara Memi, walibuni michoro. Mistari ilitobolewa vitundu, kisha unga wa mkaa ukapitishwa humo, na ua likajichapa kwenye kigae. Ndiyo maana petali inayoanzia kigae kimoja huishia cha jirani bila kupotoka.

Nyekundu ya nusu karne
Nyekundu maarufu ya Iznik iling'ara kwa takriban miaka 50 tu! Ilipamba Msikiti wa Süleymaniye katika miaka ya 1550, lakini baada ya 1600 ikaanza kufifia na kuelekea kahawia. Ilitokana na udongo wenye chuma, ukapakwa mzito hadi kidole kikausikia umevimba, kama hina mbichi mkononi.

Tulipu kabla ya Uholanzi
Mtaalamu wa mimea Clusius alipanda tulipu zake mjini Leiden mwaka 1593. Wakati huo tulipu za Msikiti wa Rüstem Paşa, Istanbul, zilikuwa zimeshachanua ukutani kwa takriban miaka 30. Ua tunalolihusisha na Waholanzi lilikuwa fahari ya Waturuki kwanza.

Kutoka karakana 300 hadi 9
Msafiri Evliya Çelebi aliandika kwamba Iznik iliwahi kuwa na karakana 300. Katikati ya karne ya 17 alikuta 9. Kasri lilipanga bei ya vigae bila kuipandisha, huku gharama zikipaa. Habari njema: tangu 1993, taasisi moja ya Iznik inafufua ufundi huo, na majoko yanawaka tena.