Gedi, Mji wa Kale
Mwezi wa Agosti uliopita sisi makarani 12 tukaao Kawangware na Kangemi tulipanda basi River Road, Nairobi, kwenda kuutazama mji wa Gedi karibu na Malindi. Njiani mzee mmoja alishikilia kwamba miji yetu ililetwa na reli. Kweli, Nairobi ilianza hivyo mwaka 1899.

Huko Gedi kiongozi alituonyesha ukuta wa mji, msikiti mkubwa, visima, hata vyoo ndani ya nyumba (kwetu Kawangware wengi twangoja zamu!). Kaburi moja limechorwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Mzee akahesabu: miaka 500 kabla ya reli! Akanyamaza, kisha akaomba asomewe tena.