KWA NINI WAHINDU HUCHOMA MAITI?

Kijiweni hakuna stori inayowapandisha watu mori kama hii. Mmoja akigusia tu kwamba Wahindu huchoma maiti, basi kila mtu ana lake. Huyu atasema ni ukatili, yule atasema wanabania hela ya kaburi, na mwingine atakuapia mbingu na ardhi kwamba majivu yanarudishwa dukani kuvuta wateja. Uzushi mtupu! Wiki hii, mpenzi msomaji, nakupa mkanda mzima, maana ukiuelewa ule moto utakuwa umeielewa nusu ya dini yenyewe.

Kwanza tuweke majina sawa. Si kila Mhindi ni Mhindu. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, Mhindu ni mtu wa dini. Bohora, Ismailia na Ithnaasheri unaopishana nao mjini ni Waislamu. Wagoa wengi ni Wakatoliki. Kalasinga mwenye kilemba ana dini yake, Usikh, ingawa naye huchoma maiti. Wahindu ndio hasa wale ambao wazee wetu waliwaita Mabaniani, wa ile methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa. Kwa wakazi wa Dar, mahekalu yao yamepangana pale Mtaa wa Kisutu.

DINI ISIYO NA MWANZILISHI

Ukiuliza nani alianzisha Uhindu, hupati jina. Hakuna mtume mmoja wala kitabu kimoja. Maandiko yake ya kale kabisa, Rig Veda, yana zaidi ya miaka 3,000. Leo wafuasi wake ni kama bilioni 1.2, na ni dini ya tatu kwa ukubwa duniani baada ya Ukristo na Uislamu. Wengi wao wapo India, lakini Nepal nayo ni nchi ya Wahindu wengi, na hata Mauritius, hapa hapa Afrika, karibu nusu ya watu ni Wahindu.

Na wale miungu wengi je? Wahindu wengi watakwambia kwamba asili ya vyote ni moja tu, nayo huitwa Brahman, ila hujitokeza kwa sura nyingi. Brahma huumba, Vishnu hulinda, Shiva huvunja ili mengine yaanze. Lakshmi ni wa neema na mali, ndiyo maana picha yake haikosekani dukani. Yule mwenye kichwa cha tembo ni Ganesh, anayeombwa aondoe vikwazo kabla ya kuanza jambo lolote, iwe safari, mtihani au biashara.

MWILI NI NGUO TU

Sasa tuje kwenye moto. Mhindu anaamini kwamba ndani ya kila mtu kuna atman, yaani roho isiyokufa. Mwili ni kama shati. Likichakaa unalivua, unavaa jingine. Roho huzaliwa, hufa na kuzaliwa tena, na utazaliwa katika hali gani inategemea karma, yaani matendo yako mwenyewe. Ukitenda wema utavuna wema, ukifanya uhuni utakuja kuulipia, hata kama ni maisha yajayo. Tumaini kubwa kuliko yote ni moksha: siku roho itakapotoka kwenye mzunguko huo na kupumzika moja kwa moja.

Ukishalijua hilo, kuchoma kunaeleweka. Mwili umetokana na vitu vitano: udongo, maji, moto, hewa na anga. Moto huvirudisha vyote kwao haraka, na roho inapata kuona kwamba pale hapana makazi tena, iende zake. Halafu moto kwao si adhabu. Mbele ya moto ndipo bwana na bibi harusi wanapotembea hatua saba na kuwa mume na mke. Tangu enzi za Veda, moto ndio unaobeba sadaka kwenda juu. Mazishi yenyewe huitwa antyeshti, maana yake sadaka ya mwisho. Safari hii kinachotolewa ni mwili wenyewe.

NILIYOYAONA MWENYEWE

Nimewahi kufanya kazi duka la vitambaa, na tajiri wetu alikuwa Mhindu. Alipofariki tulitaarifiwa asubuhi, na mazishi yakawa siku hiyo hiyo. Wafanyakazi tulikuwa sita. Mwenzetu mmoja, aliyekaa naye miaka 19, alizuiwa na mama yake mzazi: "Mwanangu, ukaangalie mtu anachomwa? Utajiletea mkosi!" Jamaa akabaki kakaa kwenye ngazi za duka analia. Mwishowe akasema, "Huyu mzee ndiye aliyenisomeshea watoto. Mama atanisamehe." Tukaenda wote.

Maiti ilikuwa imeoshwa, imevikwa nguo nyeupe na kuwekewa maua. Mtoto mkubwa wa kiume alilizunguka lundo la kuni, kisha akawasha. Hakuna aliyepiga kelele. Nilichokiona usoni mwa yule kijana ndicho ninachokiona kwa mtoto yeyote anayetupia udongo kaburi la baba yake. Hakuna ukatili pale.

Baadaye majivu hukusanywa na kumwagwa kwenye maji. Mto Ganga wa India ndio unaotamaniwa na wengi, na aliye mbali hutumia mto au bahari iliyo karibu. Matanga huchukua siku kama 13, na mara nyingi watoto wa kiume hunyoa nywele.

SI WOTE, NA MAMBO HUBADILIKA

Usidhani ni sheria ya kila Mhindu. Watoto wachanga mara nyingi huzikwa, na vilevile baadhi ya watawa walioiacha dunia. Madhehebu ya Lingayat huzika. Zamani kuwasha moto ilikuwa kazi ya mtoto wa kiume tu, lakini mwaka 2018, alipofariki Waziri Mkuu wa zamani wa India, Atal Bihari Vajpayee, aliyewasha ni binti yake wa kulea, na dunia nzima iliona. Mijini wengi siku hizi wanatumia tanuri la umeme au gesi badala ya kuni.

Na si Wahindu peke yao. Profesa Wangari Maathai, Mkenya aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alichomwa Kariokor, Nairobi, Oktoba 2011. Mwenyewe alikuwa ameacha neno kwamba asizikwe kwenye jeneza la mbao, kwa kuwa maisha yake yote alitetea miti.

UKIALIKWA

Wengi wetu tuna bosi, jirani au mwalimu Mhindu. Ukipewa taarifa ya msiba, nenda. Vaa nyeupe au rangi ya kutulia, vua viatu unapoingia ndani, unganisha viganja vyako na uinamishe kichwa kidogo. Dada zangu, ulizeni kwanza, kwa sababu familia nyingine wanawake hubaki nyumbani. Ukitoka huko, oga. Wao wenyewe huoga. Hakuna atakayekulazimisha kusali sala isiyo yako.

Dini yako baki nayo, hakuna aliyekuomba uiache. Ila kesho stori ikianza tena kijiweni, na mtu akisema wale jamaa hawana uchungu na wafu wao, mwambie aende akamtazame usoni yule anayewasha moto.