Fahamu: Mtanzania aliyechaguliwa kabla ya Curry

Juni 2009, jijini New York, Memphis Grizzlies walikuwa na nafasi ya 2 ya kuchagua chipukizi wa kuingia NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Wakamchukua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21. Stephen Curry, mchezeshaji mwembamba wa chuo cha Davidson, alisubiri hadi namba 7.

Leo uamuzi huo unachekesha, siku ile haikuwa hivyo. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut, Thabeet alikuwa ukuta chini ya kikapu, bingwa wa kuzuia mitupo.

Kisha mchezo ukahamia kwenye mitupo ya pointi 3, ambako Curry ndiye fundi. Thabeet alicheza NBA mara ya mwisho mwaka 2014, lakini kutoka Mlingotini hadi Mwanza hakuna Mtanzania aliyemtangulia kufika huko.