Majina ya Watu Mashuhuri wa Mbulu na Hanang katika Maandishi ya Kiswahili

Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zimetoa watu ambao sifa zao zimevuka mipaka ya nchi. John Stephen Akhwari, aliyezaliwa Mbulu mwaka 1938, alikimbia mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968. Ingawa alianguka na kuumia goti, alizimaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia.

Jina lake, hata hivyo, huandikwa kwa namna mbili: Akhwari na Akwari. Yaelekea asili ya jambo hili ni sauti. Kiiraqw, lugha ya jamii ya Kikushi, kina kikwamizo kitamkwacho nyuma ya kinywa, ambacho wataalamu hukiandika x. Kiswahili huandika sauti iliyo karibu nayo kwa kh, kama katika kheri. Lakini wasemaji wengi husema heri. Basi mwandishi asiyeitamka sauti hiyo huiacha h kwa urahisi.

Jina la Frederick Sumaye, aliyekuwa mbunge wa Hanang na Waziri Mkuu tangu 1995 hadi 2005, halikupatwa na mashaka hayo, kwa kuwa, kama liandikwavyo, halina sauti ngeni kwa Kiswahili.

Herufi moja si jambo dogo: katika faharasa, mtu mmoja huweza kuhesabiwa wawili. Yafaa wahariri waishike kh, ili sauti ya wenyewe isipotee.