Umoja wa Wasioungana: Uhusiano wa Kimataifa wa Vyama vya Kifashisti katika Nchi Ndogo za Ulaya, 1933–1941

Ufashisti hutukuza taifa moja juu ya mengine yote. Hata hivyo, kati ya vita kuu mbili za dunia, wafuasi wake katika nchi ndogo za Ulaya walitafutana na kushirikiana. Makala hii inafafanua ukinzani huo kwa kutofautisha aina mbili za uhusiano: uhusiano wa jukwaa na uhusiano wa hifadhi.

Uhusiano wa jukwaa ulionekana wazi mjini Montreux, Uswisi, tarehe 16 na 17 Desemba 1934. Mkutano huo uliitishwa na kamati za Kiitalia zilizoongozwa na Eugenio Coselschi, ambazo ziliundwa mwaka 1933 ili kueneza wazo kwamba Roma ndiyo chemchemi ya ufashisti wa ulimwengu mzima. Miongoni mwa waliohudhuria walikuwamo Vidkun Quisling wa Norway, Eoin O'Duffy wa Ayalandi, Frits Clausen wa Denmark na Ion Moța wa Rumania. Chama cha Hitler hakikuwakilishwa. Julai ya mwaka huohuo, Wanazi wa Austria walikuwa wamemuua Kansela Dollfuss, mshirika wa Mussolini.

Wajumbe walitofautiana juu ya jambo la msingi. Moța alishikilia kwamba uadui dhidi ya Wayahudi ndio kiini cha mapambano, wengine hawakukubali. Azimio lililopatikana liliachia kila taifa lijiamulie, huku likizishutumu baadhi ya jumuiya za Kiyahudi. Kwa maneno mengine, walikubaliana kutokubaliana, na waliotengwa kwa pamoja wakawa ndio gharama ya maafikiano hayo. Wengi wa wajumbe hao walikuwa dhaifu kwao: chama cha Quisling kilipata takriban asilimia 2 tu ya kura mwaka 1933 na tena mwaka 1936, bila kiti bungeni. Jukwaa la ugenini liliwapa heshima waliyoikosa nyumbani.

Uhusiano wa hifadhi ulikuwa wa kimyakimya, lakini mzito zaidi. Kundi la Ustaša la Kroatia, chini ya Ante Pavelić, lilipewa makambi nchini Italia na Hungaria. Likishirikiana na wanaharakati wa Kimasedonia, lilipanga mauaji ya Mfalme Alexander wa Yugoslavia, aliyepigwa risasi na Vlado Chernozemski mjini Marseille tarehe 9 Oktoba 1934. Mwezi Aprili 1941, baada ya Yugoslavia kuvamiwa, Pavelić alikabidhiwa utawala wa Kroatia, na maangamizi ya Waserbia, Wayahudi na Waroma yakafuata.

Tofauti hii ina uzito wa kisera. Idadi ya makongamano haipimi hatari ya kundi. Kipimo bora ni kuuliza nani analipa fedha, ardhi na mafunzo, na kwa manufaa gani. Ina uzito wa kiistilahi pia. Makundi haya yakiitwa ya "kizalendo", Kiswahili huyavika sifa ya neno lililokomaa katika harakati za uhuru, na hivyo kuyakubalia dai lao wenyewe. Istilahi "utaifa wa kibaguzi" inafaa zaidi: inataja wanachokipenda pamoja na wanayemtenga, na inaeleza kwa nini umoja wao ulidumu pale tu palipokuwa na adui wa pamoja au mfadhili mwenye nguvu.